Nyundo Inayojua Kusimama

Mwaka juzi nilimjengea mama nyumba Dongobesh. Nasema "nilimjengea" kama tunavyosema sote tunaotuma hela nyumbani. Ukweli ni kwamba mimi nilikuwa Dar es Salaam nikituma pesa kwa simu, na waliojenga ni wengine. Saruji ilinunuliwa, mchanga ukaletwa na trekta, na kokoto tulikuwa nazo palepale. Nyuma ya nyumba ya zamani kulikuwa na mwamba uliojitokeza ardhini kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Fundi akaniambia tukiupasua ule tunaokoa hela ya lori mbili. Nikamwambia upasueni.

Siku ya tatu akanipigia. Ni mzee wa umri wa baba yangu, haanzi na jambo kabla hajauliza habari za watoto. Akauliza, nikajibu, halafu akasema:

"Mwanangu, hapa juu ya jiwe kuna shimo la kusagia. Limelika vizuri, kiganja chote kinaingia. Ni la zamani hili. Tuendelee?"

Nilikuwa kwenye daladala, nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba na mwingine umeshika simu. Nikasema: "Endelea tu, mzee wangu."

Basi. Wakaendelea. Leo lile shimo limo ndani ya sakafu ya sebule ya mama, limechanganywa na saruji, na hakuna mtu atakayeliona tena. Makala hii inahusu yale maneno mawili, "endelea tu", na swali ambalo limekuwa likinisumbua tangu siku ile: kuvunja kitu kunakuwa haki lini, na kunakuwa kosa lini? Na kosa likiwepo, ni la nani: la aliyeshika nyundo au la aliyeshika simu?

Nitalijibu kwa kuzunguka kidogo, kupitia mifupa. Nina sababu.

Nilipokuwa shule ya msingi niliokota jiwe jeupe, refu, lenye vifundo huku na huku. Nikaamini kabisa nimepata mfupa wa mnyama wa kale. Nililipeleka kwa mwalimu nikiwa nimelifunga kwenye sweta. Hakunicheka. Aliniambia kwamba kwetu juu huku mfupa wa namna hiyo hauwezi kupatikana ndani ya mwamba, kwa sababu miamba yetu ni ya kale mno. Ilipikwa chini kabisa ya ardhi kabla wanyama wenye mifupa hawajakuwepo duniani. Lakini, akasema, ukishuka ukingo wa Bonde la Ufa kule upande wa Yaeda na Ziwa Eyasi, mambo ni mengine. Kule kuna udongo wa ziwa uliogeuka kuwa jiwe, na mifupa imo. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kusoma habari za visukuku. Sijasomea fani hiyo, nasoma tu kama wengine wanavyofuatilia mpira.

Kitu cha kwanza unachojifunza ukisoma habari hizo ni kwamba kazi yenyewe, kwa sehemu kubwa, ni kupasua mawe. Picha tunazoonyeshwa ni za brashi laini na mtu aliyepiga magoti. Brashi ipo, lakini inakuja mwisho. Kabla yake kuna sururu, mtaimbo, tindo na nyundo, vyombo vilevile alivyo navyo fundi wetu wa Dongobesh. Mwaka 2014 ulipotangazwa mjusi mkubwa aliyepewa jina la Rukwatitan, kutoka bonde la Rukwa kusini magharibi mwa nchi yetu, waliomtoa katika ukuta wa genge walikuwemo wachimbaji wa makaa ya mawe. Wataalamu waliwaita kwa sababu hao ndio wanaojua mwamba unavyoachia.

Kujua mwamba unavyoachia ni elimu. Baadaye nilikaa na yule fundi, akanionyesha. Kwanza anagonga kidogo na kusikiliza. Jiwe zima hulia kama kengele. Jiwe lenye ufa hutoa sauti butu, kama chungu kilichopasuka. Halafu anatafuta mistari. Mawe yetu yana matabaka meupe na meusi yaliyolaliana, na hupenda kupasukia humo. Penye ugumu wanawasha moto wa magogo juu ya jiwe kwa saa nyingi, kisha wanamwagia maji ya baridi, jiwe linalia na kuachia. Hapo ndipo unapokuja mtaimbo, kisha nyundo kubwa, na mwisho kabisa akina mama na vijana wenye nyundo ndogo, wanaokaa chini wakigonga kipande kimoja kimoja mpaka debe lijae.

Mchimbaji wa visukuku anapita njia hiyohiyo, ila kila anapoukaribia mfupa anabadilisha chombo. Sururu ikiwa mbali, tindo ikiwa karibu, kisu kidogo ikiwa karibu zaidi, kisha sindano kama ya daktari wa meno. Hautoi mfupa mtupu. Anauchimbia mfereji pande zote, anauacha umekaa juu ya kiguzo cha jiwe lake, anaufunika kwa karatasi iliyoloa, kisha anauzungushia vipande vya gunia vilivyochovywa kwenye plasta. Ni plasta ya aina ileile unayofungwa hospitali ya Haydom ukivunjika mguu. Mfupa unafungwa ili usivunjike. Ukifika maabara, unafunguliwa, na jiwe lililobaki linaondolewa kwa chombo chenye ukubwa wa kalamu, ncha yake ya chuma ikipigapiga kwa nguvu ya hewa. Kazi ya mfupa mmoja inaweza kula miezi.

Kwa nini uangalifu wote huo? Kwa sababu mara nyingi mfupa na jiwe vina rangi moja, na kilicho cha thamani ndicho chembamba kuliko vyote. Chukua pingili ya shingo ya mjusi mkubwa. Ukiiangalia kwa mbali ni gogo. Kwa karibu ni kama nyumba yenye vyumba: kuta nyembamba, mashimo, vijia. Humo ndimo mifuko ya hewa iliyotoka kwenye mapafu ilimoingia, na ndiyo maana shingo ya mita kadhaa iliweza kunyanyuka bila kumlemea mwenyewe. Mamilioni ya miaka vyumba hivyo vimejaa jiwe. Nyundo ikipita nusu tu ya kidole, ukuta umekwenda, na pamoja nao umekwenda ushahidi wa namna mnyama yule alivyokuwa akivuta pumzi. Hutaupata tena mahali pengine, kwa sababu huenda mnyama huyo ndiye pekee wa aina yake aliyewahi kuonekana.

Kuna mjusi mwingine wa Rukwa ambaye jina lake nalipenda kuliko yote: Mnyamawamtuka moyowamkia. Ndiyo, hilo ndilo jina lake rasmi la kisayansi, lilitangazwa mwaka 2019, na ukilisoma polepole unaona ni Kiswahili chetu. Mnyama wa Mtuka, kwa sababu mifupa yake ilionekana kwenye kingo za mto Mtuka mwaka 2004. Moyo wa mkia, kwa sababu pingili zake za mkia, ukizitazama kwa nyuma, zina umbo la moyo. Fikiria sasa. Jina zima la mnyama huyu limekaa juu ya ukingo wa pingili ya mkia. Mtu angekuwa na haraka siku moja tu pale mtoni, angegonga mara mbili zaidi, moyo ule usingekuwepo, na jina lisingekuwepo.

Sasa turudi kwenye swali. Kuna majibu mawili ya haraka, na yote mawili nimewahi kuyasema mimi mwenyewe mezani nikijifanya mjuzi.

La kwanza: kujua ni jambo jema, kwa hiyo vunja. Elimu haiji bila gharama. La pili: waacheni wafu wapumzike, kwa hiyo usiguse.

Hili la pili lina sauti ya heshima, na kwetu lingepata wengi wa kuliunga mkono. Lakini ukienda Mtuka linakwama. Ule mto hausubiri mtu. Kila masika unakata kingo, na mfupa uliojitokeza mwaka huu, mwakani haupo. Umesagwa kuwa mchanga. Wachimbaji walirudi pale mwaka hadi mwaka kuanzia 2004 hadi 2008, kwa sababu mto ulikuwa na nyundo yake na ulikuwa umeshaanza kazi. Kuacha bila kugusa kuna nafasi yake, lakini wakati mwingine ni kuuachia mto uvunje badala yako, kisha wewe ukanawa mikono.

Na kuna namna nyingine ya kutogusa isiyo na heshima yoyote. Katika miaka ya 1930 mifupa kadhaa ilichukuliwa kutoka bonde la Ruhuhu, karibu na Ziwa Nyasa, ikapelekwa Uingereza. Ikakaa makabatini. Mtaalamu mmoja aliiandikia katika tasnifu yake miaka ya 1950, lakini mnyama hakutangazwa rasmi mpaka 2013, alipoitwa Nyasasaurus, kiumbe wa miaka takriban milioni 243 ambaye huenda ni dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana, au ndugu yao wa karibu sana. Miaka 80 hivi! Watu walipasua jiwe, wakabeba, halafu jambo lenyewe lililofanya jiwe lipasuliwe likalala. Ukivunja kwa ajili ya kujua, una deni la kujua. Usipolilipa umevunja bure.

Na lile jibu la kwanza, kwamba elimu inahalalisha? Hapa inabidi twende Tendaguru, mkoani Lindi.

Watanzania wengi tunaijua habari hii kama habari ya "mjusi wetu aliyeko Ujerumani". Kati ya 1909 na 1913 msafara wa makumbusho ya Berlin, chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, na baadaye Hans Reck, ulichimba kilima cha Tendaguru na kuondoka na mifupa na mawe yake, uzito wa tani zipatazo 230. Mkubwa wao amesimama Berlin tangu 1937, kimo chake kinapita mita 13. Mjadala wa kumrudisha huibuka bungeni, magazetini na vijiweni, kisha hutulia, kisha huibuka tena. Siudharau. Lakini kila nikiusikia nawaza zaidi juu ya mikono.

Vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha 1907. Kusini ilikuwa imechomwa na njaa imepita humo. Miaka miwili baadaye, katika nchi hiyohiyo, mamia ya watu wanashika sururu na majembe kuchimba mifupa kwa ujira wa mkoloni. Walichimba, wakaifunga mifupa kwa udongo na mianzi, wakaibeba vichwani na mabegani mwendo wa siku nne hivi mpaka bandari ya Lindi. Msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani. Huyu hakuwa kibarua wa kuelekezwa tu. Alikuwa na jicho la kuiona mifupa ardhini na alijifunza namna ya kuiandaa. Fikiria mara ngapi, kwa miaka ile, alisema "simama" kwa mtu aliyenyanyua sururu. Kila "simama" yake imo leo katika yale mapaja na pingili zinazopigwa picha Berlin. Ilichukua mpaka 2007 ndipo jina lake likaingia katika jina la mjusi mmoja wa Tendaguru, Australodocus bohetii. Karibu miaka mia moja.

Nikiwaza hilo naona kitu ambacho jibu la "elimu inahalalisha" linakificha. Wengi wetu tunadhani aliyeko mbali, mwenye vitabu, ndiye ajuaye, na mwenye nyundo ni nguvu tu. Lakini kule kwenye jiwe, mahali ambapo mambo yanaharibika au yanasalimika, anayejua ni aliyeshika nyundo. Anasikia sauti ikibadilika. Anaona weupe usio wa jiwe. Yeye ndiye anayesimama. Na aliyeko mbali ana madaraka ya kusema maneno mawili tu: "subiri" au "endelea".

Hapo ndipo mwamba wa kwetu uliponirudia. Fundi alisimama. Alishusha nyundo, akanunua vocha kwa hela yake, akapiga simu mwendo wa mamia ya kilomita kuuliza. Alifanya kila ambacho mtu mwenye elimu ya jiwe anapaswa kufanya. Mimi mwenye shahada, msomaji wa habari za visukuku, niliyewahi kufunga jiwe kwenye sweta, ndiye niliyesema endelea tu.

Mtu ataniambia: ndugu yangu, unakuza. Mjusi wa miaka milioni 150 na shimo la kusagia mtama, wapi na wapi? Nami nilijiambia hivyohivyo. Ila swali la umri ni gumu kuliko linavyoonekana. Mfupa unaanza kudai heshima ukiwa na miaka mingapi?

Chini ya ukingo wetu, Eyasi, katika miaka ya 1930 Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen aliokota vipande vya fuvu la kichwa. Fuvu la mtu. Lilikuwa limemeguka vipande vingi vidogo, likapelekwa Ujerumani, likaunganishwa kwa kukisia huku na kule, na likapewa jina la kisayansi lililotokana na Njarasa, jina jingine la ziwa lile. Leo wataalamu hawalitumii tena jina hilo. Hatujui mwenye fuvu aliitwaje na ndugu zake. Ni mfupa usio na wa kuulilia, kwa hiyo hakuna aliyeulizwa.

Sasa panda juu tena, vuka kwenda upande wa Hanang, kwenye tambarare za Basotu. Huko Wabarbaig, wazee wao wanapofariki, wanawajengea kaburi la udongo lililonyanyuka, wanaliita bung'eda, na msiba wake unaweza kuchukua miezi, watu wakirudi na kurudi. Miaka ya 1970 na 1980 mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, yalichukua ardhi hiyo, maelfu kwa maelfu ya ekari. Kesi ya kijiji cha Mulbadaw ilifika mpaka Mahakama ya Rufani. Na miongoni mwa malalamiko ya wazee, pamoja na malisho na njia za ng'ombe, lilikuwemo hili: matrekta yalilima juu ya makaburi. Mfupa wa baba ya mtu, mwenye jina, mwenye wajukuu wanaojua aliwahi kukaa wapi na kunywa nini.

Kwa hiyo umri sio uliowaokoa. Mfupa usio na jina haukuulizwa habari zake, na mfupa wenye jina nao haukuulizwa. Wote wawili walikutana na nyundo iliyoamriwa kutoka mbali, na mtu wa mbali ana haraka, kwa sababu ngano inatakiwa, au makumbusho yanasubiri, au lori mbili za kokoto ni hela nyingi.

Nisije nikaeleweka vibaya. Taifa lilihitaji ngano. Na mama alihitaji sakafu. Mtu ambaye hajawahi kulala katika nyumba ya udongo msimu wa mvua, na baridi ya Mbulu ya mwezi wa saba, asinihubirie juu ya kuhifadhi mawe. Dongobesh inajengwa, tangu ofisi za halmashauri ya wilaya zihamie hapa, kokoto ni biashara, na wale akina mama wenye nyundo ndogo wanasomesha watoto kwa madebe hayo. Siwezi kusimama mbele yao niseme kuvunja ni dhambi.

Nachotafuta ni kipimo. Na kipimo kizuri kuliko vyote ninavyovijua kiko Laetoli, upande wa pili wa Eyasi, katika ardhi ya Ngorongoro.

Mwaka 1978 kundi la Mary Leakey lilikuta pale nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano yaliyoloa mvua, miaka takriban milioni 3.6 iliyopita. Sio mfupa, ni alama ya mguu tu, kisigino, upinde, kidole gumba. Wakazifukua, wakazipima, wakazipiga picha, wakachukua nakala. Halafu wakafanya jambo ambalo mimi nilipolisoma mara ya kwanza liliniudhi: wakazifukia.

Hata kufukia kulikuwa na makosa yake. Udongo waliotumia ulikuwa na mbegu za migunga. Migunga ikaota, ikakua, mizizi ikaanza kushuka kuelekea kwenye nyayo. Miaka ya 1990 Serikali ikishirikiana na taasisi ya Getty ya Marekani ilibidi kuiondoa miti ile kwa uangalifu na kuzifukia nyayo upya, safari hii kwa mchanga uliochekechwa, vitambaa maalumu na mawe juu. Mwaka 2015, wakati wataalamu wa Kitanzania wanachimba mashimo ya majaribio kuona kama jengo la makumbusho linaweza kujengwa pale bila kuharibu kitu, wakakuta nyayo nyingine mpya. Unaona? Walikwenda kuuliza kabla ya kujenga, na ardhi ikajibu.

Siku hizi Laetoli haiudhi tena moyo wangu. Naona kuwa wale watu walikiri kitu kigumu: kwamba macho yao siyo ya mwisho. Kwamba atakuja mwingine, hajazaliwa bado, mwenye chombo kizuri zaidi na swali zuri zaidi, na lazima akute kitu. Yule mjusi wa Berlin mwenyewe ni shahidi. Alipojengwa 1937 walimsimamisha miguu ya mbele ikiwa imetanuka viwiko nje, kama kenge. Mwaka 2007 wakamsimamisha upya, miguu imenyooka chini ya mwili. Kosa la miaka 70 likasahihishwa kwa sababu mifupa ilikuwepo ya kurudiwa. Ukivunja vibaya leo, unamnyima mtu wa kesho nafasi ya kukusahihisha, na hilo naliona zito kuliko hasara ya kitu chenyewe.

Basi jibu langu ni hili, na sidai ni la kila mtu. Kuvunja kunakuwa haki pale ambapo anayeamuru amejua anavunja nini, au angalau amekubali kusimama muda wa kutosha kuuliza. Akiuliza wenye nacho, kama wapo. Akiandika kilichokuwepo. Akibakiza kidogo, pakiwezekana. Na akimsikiliza aliyeshika nyundo, kwa sababu huyo ndiye aliye karibu. Baada ya hapo, vunja. Dunia haijengwi kwa kushika mashavu. Lakini kabla ya hapo, hata kokoto ni kosa.

Mimi sikuuliza, sikuandika, sikubakiza. Sikuomba hata picha. Mzee alikuwa na simu mkononi, tena yenye kamera.

Desemba iliyofuata nilikwenda nyumbani. Nyumba ni nzuri. Mama ameweka jamvi sebuleni na anafagia mara mbili kwa siku kwa furaha ya kufagia mahali pasipo na vumbi. Nilikaa siku mbili nikilikwepa jambo, siku ya tatu nikamwambia: "Mama, lile shimo la kusagia, nisamehe. Mimi ndiye niliyesema wavunje."

Akacheka. "Kwani nani sasa hivi anasaga pale? Mashine ipo."

Halafu akanyamaza, akaanza kusema mwenyewe. Kwamba lile shimo alilikuta alipoolewa. Kwamba mama mkwe wake, bibi yangu mzaa baba, alimwonyesha siku ya kwanza jinsi ya kupiga magoti upande wa mashariki, ili jua lisimpige machoni. Kwamba upande mmoja lilikuwa limelika zaidi kuliko mwingine kwa sababu kabla ya bibi kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa anatumia mkono wa kushoto, na kila aliyekuja baada yake alibidi ajifunze kusaga kwa kufuata mkono wa yule mama. Nilikuwa sijawahi kusikia habari za huyo mama wa mkono wa kushoto. Miaka arobaini na kitu ya maisha yangu, na mtu huyo alikuwa ameandikwa nyuma ya nyumba yetu, kwenye jiwe, kwa upande mmoja uliolika kuliko mwingine.

Nikachukua daftari. Mama akanionyesha kwa viganja urefu wake, upana wake, upande uliozama. Nikachora, akasema siyo hivyo, nikachora tena. Mchoro ninao. Ni mbaya, na umechorwa baada ya jambo kwisha, lakini upo.

Kabla sijaondoka fundi alikuja kusalimia. Nikampa shikamoo, tukanywa chai, akasema kuna kipande kingine cha mwamba upande wa juu, karibu na migomba, kingetosha msingi wa jiko. Akaniangalia kidogo. "Tufanyeje na huo?"

Nikamwambia tumuulize mwenyewe. Tukaenda wote watatu. Mama akainama, akaupapasa mwamba ule kwa kiganja polepole, huku na huku, mpaka chini kwenye majani. Alichukua muda. Mimi na mzee tulisimama tukamsubiri.

Akajiinua, akajifuta mkono kwenye khanga. "Huu hauna mtu," akasema. "Pasueni."